Siku moja maishani mwangu: seli zilizokwama ukingoni

Saa 1:30 asubuhi nafuta lenzi, nawasha hadubini, napanga trei za slaidi. Mimi ni daktari wa patholojia. Wagonjwa hawanijui kwa sura, na hata ndugu zangu hudhani kazi yangu ni kuchungulia na kusema kuna saratani au hakuna. Laiti ingekuwa hivyo.

Kufika saa 4 nimemaliza slaidi kumi na moja.

Ya kumi na mbili ndiyo iliyokula siku yangu. Ni saratani ya matiti isiyo na kipokezi cha homoni ya estrojeni, cha projesteroni, wala protini ya HER2 ya kutosha kulengwa na dawa. Kwa aina hii, limfosaiti, yaani seli za kinga, zilizo kwenye stroma, yaani tishu inayozunguka viota (vikundi vya seli) vya saratani, zina uzito mkubwa. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumlisha wagonjwa 2148 waliotibiwa kwa kemotherapia ulionyesha kuwa kila zilipozidi kwa asilimia 10, hatari ya ugonjwa kurudi au ya kifo ilipungua kwa takriban asilimia 13. Kwa hiyo sikisii.

Ukingoni mwa uvimbe limfosaiti zimesongamana, buluu tupu. Ukisogeza slaidi kuelekea katikati, zinaadimika hadi unazitafuta moja moja. Nikitazama ukingo peke yake nitaandika kuwa zimefunika asilimia 60 ya stroma. Nikitazama katikati, 5. Mwongozo wa kimataifa unataka wastani wa stroma yote iliyo ndani ya mpaka wa uvimbe, pasipo kuchagua palipojaa. Zilizo nje ya mpaka haziingii. Penye tishu iliyokufa unaruka, na neutrofili, seli za kinga za aina nyingine, hazihesabiwi. Narudia mara ya pili. Ya tatu. Shingo inauma.

Simu inalia. "Dokta, majibu bado tu?" Bado. Baada ya nusu saa, tena. Mara ya tatu sauti ya mwenzangu imepanda, nami simlaumu sana, maana mbele yake kuna mama aliyeketi akisubiri. Lakini nikimpa namba ya haraka nitakuwa nimemdanganya yeye na huyo mama.

Naagiza rangi ya CD8, inayozionyesha kwa kahawia seli T, yaani limfosaiti zenye kuua seli za saratani, kisha nasubiri. Chakula cha mchana sikumbuki kama nilikimaliza. Muda wote nawaza kwa nini zimekwama pale. Mpangilio wa seli hizi si jambo jepesi: utafiti wa mwaka 2018 kwenye uvimbe wa wagonjwa 41 wa aina hiihii ulikuta kwamba pale seli za kinga na za saratani zilipokaa kila moja na eneo lake, wagonjwa waliishi muda mrefu kuliko pale zilipochanganyika. Hapohapo, CD8 zinazopenya hadi kwenye viota huwa dalili njema. Ndiyo maana namba pekee hainiridhishi.

Jioni slaidi inaletwa. Kahawia nzito ukingoni. Ndani ya viota, chache mno, kwenye kona moja.

Macho yanawasha. Naandika 20, na chini yake sentensi mbili kuhusu mahali zilipo. Napiga simu mwenyewe.

"Asilimia ngapi?"

"Ishirini." Halafu namsomea zile sentensi.

Ananyamaza kidogo. "Hebu rudia, Dokta, niandike."