IST yangu ilikata nguvu mlimani, kumbe pampu ilikuwa nzima

Kwenye tambarare IST yangu, yenye injini ya 1NZ-FE, ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Shida ilikuwa milimani. Nikitoka Ruaha Mbuyuni kuipanda Kitonga, nikikanyaga mafuta inashtukashtuka na nguvu inakata. Taa ya injini ikawaka, na mashine ya kupimia ikasoma P0171, yaani injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta.

"Bosi, pampu ya mafuta imechoka hiyo, leta nyingine," fundi akaniambia nilipofika Iringa.

"Fundi, tupime kwanza."

P0171 huletwa pia na mpira wa hewa wa injini uliopasuka, ila huo mara nyingi husumbua zaidi gari likiwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kuliko likiwa mlimani. Kwa hiyo tuliutazama upesi, tukageukia mafuta. Kabla ya kufungua bomba tulichomoa plagi ya umeme ya pampu, iliyo chini ya kiti cha nyuma, tukaiacha injini ingurume mpaka ikazima yenyewe. Usiruke hatua hii, petroli iliyo kwenye presha humrukia mtu machoni. Kisha tukafunga geji ya kupimia presha ya mafuta.

Injini hii hutakiwa kusoma kati ya psi 44 na 50. Kwenye sailensa ikasoma 44, na wengi wangeishia hapo wakasema mafuta yako sawa. Mimi nilitaka kuiona gari inapobeba mzigo. Geji ilikuwa na mpira mrefu, tukaibana chini ya waipa ili isomeke kupitia kioo, tukaupanda mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini. Mimi naendesha, fundi anasoma. Nilipokanyaga tu, mshale ukateremka hadi karibu na 30.

Hapo pampu ndiyo ingelaumiwa. Lakini pampu ni mota, na mota ikipata umeme hafifu huzunguka polepole. Tukapima volti kwenye plagi yake huku ikifanya kazi, maana ukipima plagi ikiwa imechomolewa utadanganyika: waya mbovu unaweza kuonyesha volti zote kama hauna mzigo. Betri ilikuwa na 13.9, pampu inapata 10 na kidogo. Tukaweka ncha moja ya mita kwenye waya wa bodi wa pampu, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, na nyingine kwenye hasi ya betri. Mita ikaonyesha karibu volti 3, mahali panapotakiwa kuwa karibu na sifuri. Volti zilikuwa zinapotelea kwenye waya huo wa bodi.

Tukaufuata chini ya zulia. Boliti yake ilikuwa imeliwa na kutu kwa maji yaliyotuama pale. Tukaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukapaka grisi. Tulipoupanda tena mlima, mshale ukakaa kwenye 46 mpaka juu.

Kama pampu ingekuwa inapata volti zake zote na presha bado inashuka, hapo ndipo ningekubali ifunguliwe, na ningeanza na chujio lililo mle mle tangini kabla ya kununua pampu.