Templeti haijui Kiswahili

Jarida letu limefika pazuri, kurasa zote zimekaa, imebaki kusoma kutafuta makosa tu, kwa hiyo ngoja niandike sasa hivi kabla mitihani haijaanza na kichwa hakijafuta kila kitu.

Kwa wasiojua, semista hii kwenye kozi ya majarida tumegawanywa magrupu, kila grupu litoe jarida la kurasa 16 na video fupi ya kwenda nalo, mada chagueni wenyewe ila iwe ya hapa hapa Dodoma. Sisi tukachukua zabibu. Najua, najua, ukisema Dodoma mtu anakujibu zabibu au Bunge, lakini tulichotaka ni watu wa zabibu, yule mama wa Mpunguzi anayevuna mara mbili kwa mwaka na mara zote mbili bei anapangiwa na mtu aliyeshuka kwenye fuso. Wenzangu wakagawana kuandika, mimi nikabaki na leiauti, yaani kupanga kurasa, na picha.

Nikaanza na templeti, yaani kurasa zilizopangwa tayari wewe unabadilisha maneno na picha tu, nani haanzi na templeti. Ziko za bure kibao, nzuri balaa, unafungua unakuta jarida la mitindo la huko mbali, kichwa cha habari maneno mawili mafupi yamejaza ukurasa, chini yake dada mweupe kaegemea ukuta mweupe. Haya sasa, toa yale maneno mawili weka "Wanavyonyonywa wakulima wa zabibu". Hiyo "Wanavyonyonywa" peke yake imemaliza upana wote wa karatasi na bado haijaingia, imekaa pale kama mtu mzima kwenye dawati la chekechea. Ukipunguza herufi ukurasa unapooza, ukibadilisha kichwa mwandishi analia. Kiswahili chetu kinakibebesha kitenzi mzigo wote, nani kafanya, lini, kafanyiwa nani, vyote ndani ya neno moja, na aliyetengeneza ile templeti hakuwa na sababu ya kulifikiria hilo.

Ndo nikaanza kuhesabu. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, ukiacha marjini ya 15 kila upande na nafasi ya 5 kati ya safu na safu, ukapanga safu tatu, kila safu inabaki na kama milimita 57. Kwa maneno mafupi zinatosha kabisa. Kwa "hatukuwasikilizisha" ni kilio, maana ukinyoosha maandishi pande zote mbili programu inaanza kutawanya maneno ili mstari ujae, unaona mito myeupe inashuka katikati ya habari. Na kama imewekwa ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza ndo basi tena, nimeona "wak-ulima", nimeona "n-g'ombe" kwa macho yangu haya. Wakati silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, wa-ku-li-ma, mtoto wa darasa la pili anakukatia vizuri bila kompyuta! Kwa hiyo nimezima ukataji wote, maandishi yamenyooka kushoto, kulia yaishie yanapoishia, na habari ndefu zote zimehamia safu mbili.

Ila kilichonifungua macho zaidi ni shairi. Kuna mwalimu mstaafu kule Hombolo ana shamba la zabibu na ni malenga, tulipomaliza kumhoji akatoa daftari akasema wanangu na hili liwekeni. Tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani (silabi) 16 kila mshororo, nane ukwapi (nusu ya kwanza) nane utao (nusu ya pili), vina vya kati na vya mwisho vimetulia kabisa. Linaanza "Zabibu zimeshaiva, dalali keshawasili" na kuanzia hapo dalali hana pa kujificha. Jamaa mmoja wa grupu akasema shairi tulibane kwenye kiboksi pembeni, litajaza nafasi. Nikamwambia jaribu. Akajaribu, mshororo ukavunjika, "keshawasili" ikadondoka chini peke yake, na ubeti mzima ukawa unasomeka kama risiti ya dukani. Kwenye shairi la namna hii vina vinatakiwa vionekane vimesimama kwenye mstari mmoja kutoka juu hadi chini, msomaji aone -va, -va, -va kabla hajasoma hata neno. Basi nikalipa safu ya milimita 87 peke yake, ukwapi umeanza pembeni kushoto, utao nimeupanga wote uanzie sehemu moja, na kuzunguka shairi nimeacha karatasi tupu. Wenzangu wakasema hiyo nafasi tungeweka tangazo. Tangazo la nani sasa, hatuna hata mdhamini.

Na sio jambo geni hili, gazeti la Mambo Leo lilianza 1923 na likawa linachapa mashairi ya wasomaji miaka na miaka, Shaaban Robert mwenyewe kapita humo, enzi ambazo herufi ni vipande vya madini ya risasi. Sisi na laptopu zetu tunashindwa na kiboksi.

Halafu kuna suala la sura, hapa nitakaa kidogo. Picha kubwa ya jarida ni ya yule mama wa Mpunguzi, amepiga kilemba cha kitenge, anacheka, nyuma mizabibu. Kwenye laptopu picha ilikuwa moto. Nikaipeleka kwa mzee mmoja anayechapa hapa mjini, tuulize bei tu, akaiangalia muda akaniambia, "Mwanangu, huyu mama kwenye kioo anacheka, kwenye karatasi yangu hatacheka." Nikabaki namwangalia. Akachapa karatasi moja ya kujaribia na kweli, kilemba kipo, majani yapo, uso umekuwa kivuli chenye meno.

Akanieleza taratibu bila kuniringia. Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga, karatasi haitoi, karatasi inategemea mwanga wa chumba ugonge urudi. Na hii karatasi ya bei yetu isiyong'aa inanyonya wino, kila nukta ya wino inatanuka kidogo, kwa hiyo rangi za katikati, zile ambazo si nyeupe wala si nyeusi, ndo zinaumia zaidi, zinazama. Na sura zetu wengi zinaishi humo humo katikati. Dada wa ile templeti hana shida hii, yeye hata wino ukitanuka anabaki anaonekana. Sisi tusipofikiriwa mapema tunapotea, na atalaumiwa mchapaji.

Mimi haraka haraka nikasema basi niongeze mwanga picha nzima. Mzee akakataa. "Usimfanye mweupe, mfanye aonekane." Akanionyesha kuchagua uso peke yake, kuinua zile rangi za katikati, kupunguza wino mweusi kwenye ngozi ili wekundu na udhahabu wake ubaki, na kuziacha nyuma na nguo kama zilivyo. Jioni kuna mwenzetu akaleta ile filta ya kulainisha ngozi mnayoijua, nikaifuta mbele yake. Mama wa watu ana mikunjo ya kukaa juani miaka yote hiyo, mikunjo ndo habari yenyewe.

Kuanzia hapo hata kupiga kwenyewe nimebadilika. Huku jua la saa sita liko utosini, macho yanakuwa mashimo mawili, kwa hiyo napiga asubuhi saa moja au jioni kuanzia saa kumi na moja, na ikilazimu mchana namsogeza mtu kwenye ukingo wa kivuli, mwenzangu anashika shuka jeupe chini ya kifua limrudishie mwanga usoni. Shuka la hosteli, ndiyo.

Video sina mengi. Upepo wa Dodoma mnaujua, maiki tunaificha chini ya khanga ya mhojiwa, hapo sauti inatoka safi kuliko kile kisponji cha dukani. Na ndani kwenye taa za tyubu, umeme wetu ni hezi 50, ukirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde weka shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde zile mistari za kucheza cheza zinaondoka. Simu nyingi zinakuruhusu, ingia kwenye mipangilio usiogope.

Kinachofuata ni kuchapa. Kurasa 16 ni karatasi nne za A3 zikunjwe katikati, kwa hiyo ukurasa wa 1 unalala jirani na wa 16, wa 2 na wa 15, jumla lazima ije 17 kila mara, nimeibandika ukutani maana grupu letu kila mtu na hesabu zake. Nimeacha milimita 3 za kukatwa kila upande. Kava ndo bado ugomvi, wenzangu wanataka kishada cha zabibu chenye matone ya maji, kinavutia, sikatai, lakini kishada hicho unaweza kukiona kwenye boksi lolote la juisi. Mimi namtaka mama. Tukipiga kura leo nashindwa mchana kweupe, kwa hiyo nimeshawaambia kura haipigwi mpaka kava zote mbili zichapwe kwa yule mzee kwenye karatasi yenyewe, tukae nazo mezani, tuangalie.