Kwa Nini Nilichagua Kukatwa Mfupa wa Kidevu Badala ya Kuwekewa Silikoni

Katika kliniki ya kwanza niliyokwenda, daktari alifungua droo, akatoa kipande cha silikoni na kuniwekea kiganjani. Kilikuwa cheupe, chenye umbo la mwezi mchanga, kinene katikati na chembamba kuelekea ncha zake mbili, na nilipokibonyeza kilirudi katika umbo lake papo hapo. Aliniambia kwamba kingepitishwa kwenye mkato mdogo chini ya kidevu, kikalazwa juu ya mfupa, nami ningerudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kukubali moyoni, kwa sababu tangu utotoni nilikuwa nimezoea kufunika kidevu changu kwa mkono kila nilipopigwa picha kutoka ubavuni.

Mama ndiye aliyenisihi nipate maoni ya daktari wa pili kabla ya kulipa chochote. "Mwanangu, uso hauna wa akiba," aliniambia, na kwa ajili yake nilikwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso.

Daktari huyo hakuanza na kidevu, bali alianza na meno. Aliniambia niyaumanishe, akavuta shavu kando na kutazama jinsi magego ya juu yanavyokutana na ya chini, kisha akaniuliza kama ninakoroma usiku na kama huamka nikiwa nimechoka. Alinieleza kwamba kidevu kinaweza kuonekana kimerudi nyuma kwa sababu taya lote la chini ni fupi, na katika hali hiyo tiba inayostahili mara nyingi ni kupanga meno kwa nyaya na kulisogeza taya lenyewe. Kumwekea mtu wa namna hiyo silikoni ni kuificha kasoro huku meno, na wakati mwingine hata njia ya hewa, vikibaki vilevile. Natamani kila anayefikiria upasuaji huu aulizwe maswali hayo kabla ya kuonyeshwa kipandikizi chochote, yaani kipande cha kuwekwa mwilini kama kile cha silikoni.

Meno yangu yalikuwa yanakutana vizuri. Hata hivyo, picha ya eksirei ya ubavuni ilionyesha jambo ambalo kioo hakikuwa kimeniambia: kidevu changu kilikuwa kimerudi nyuma na pia kilikuwa kirefu kupita kiasi kutoka mdomoni kwenda chini. Hapo ndipo uamuzi ulipogeuka, kwa kuwa kipandikizi kinaweza kuongeza umbo lakini hakiwezi kupunguza urefu wa mfupa.

Njia ya pili ni kuukata mfupa wenyewe na kuusogeza. Si jambo jipya: daktari wa upasuaji Otto Hofer aliielezea mwaka 1942, na mwaka 1957 madaktari wenzake Richard Trauner na Hugo Obwegeser wakaonyesha namna ya kuifanya kupitia ndani ya mdomo, bila kovu usoni. Mkato hupita kati ya mdomo wa chini na fizi, kisha msumeno mwembamba hukata mfupa kwa ulalo chini ya mizizi ya meno. Kila upande wa kidevu kuna tundu dogo mfupani ambamo hutokea mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini hisia, na kabla ya kutokea hapo mshipa huo hushuka kidogo ndani ya mfupa, ndiyo maana daktari huacha nafasi ya takriban milimita 5 chini ya tundu. Kipande kilichokatwa hakitenganishwi na misuli inayokilisha damu. Husogezwa mbele, na kwa mtu kama mimi sehemu nyembamba ya mfupa huondolewa juu yake, kisha hufungwa kwa bamba la madini ya titani na skrubu hadi mfupa uunge.

Silikoni nayo ina haki yake. Kwa mwenye upungufu mdogo wa kwenda mbele tu ni upasuaji mwepesi zaidi, inaweza kutolewa, na wengi hukaa nayo miaka mingi bila shida. Lakini inaweza kupata maambukizi au kuhama mahali pake, na mfupa ulio chini yake unaweza kulika. Kuna pia sindano za kujaza kidevu chini ya ngozi, zile za asidi ya hayaluroniki, lakini kinachodungwa huyeyuka baada ya muda, nami sikuzifikiria sana.

Nilipigwa nusukaputi, nikalala hospitalini usiku mmoja. Wiki ya kwanza uso ulivimba hadi shingoni, na uji ulikuwa unanichirizika kidevuni bila mimi kuhisi, Mama akinipangusa kwa kitambaa kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Hisia zilianza kurudi mwezi wa pili, kwa kuwasha na kuchomachoma. Upande wa kushoto wa mdomo wa chini kumebaki sehemu ndogo, isiyozidi ukucha wa kidole kidogo, ambayo bado ina ganzi. Daktari alikuwa amenieleza uwezekano huo, na kwamba mshipa huo huo unaweza kuumia hata kwa kipandikizi, kabla sijatia saini. Kila asubuhi ninapopiga mswaki huigusa sehemu hiyo yenye ganzi kwa ncha ya kidole, na bado ningetia saini.