Kijiti cha kioo

Ngozi ndiyo iliyowashughulisha wote. Kila aliyeingia wodini alikuja kutazama ni wapi pengine pameanza kubabuka, na mimi mwenyewe nilikuwa nauwaza mgongo, maana shuka lilikuwa linaushika. Macho niliyahesabu kuwa jambo dogo: mekundu, yamejaa tongotongo, yanachoma kana kwamba yamemwagiwa mchanga.

Nilikuwa katika wiki ya tatu ya kumeza kabamazepini, dawa ya kifafa. Ilianza homa na koo kuuma, nikadhani mafua. Yakafuata madoa kifuani, midomo ikachubuka, malengelenge yakatanda. Daktari wa wodi alisimamisha dawa papo hapo, akautaja ugonjwa ulioletwa na dawa hiyo: Stevens-Johnson. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hao walikuwa madaktari wawili wa Marekani, na kwamba mwaka 1922 waliandika habari za watoto wawili wenye homa, upele na macho yaliyoharibika vibaya. Kumbe macho yalikuwemo tangu mwanzo!

Daktari wa macho alifika asubuhi iliyofuata. Aliponiambia nifumbue macho, sikuweza. Kope zilikuwa zimegandana. Akazilowesha kwa maji ya chumvi mpaka zikaachana, akanitia matone ya ganzi. Kisha akatoa kijiti chembamba cha kioo, ncha yake ya mviringo, akakipaka marhamu na kukipitisha chini ya kope, polepole, toka pembe moja ya jicho hadi nyingine. Maumivu hayakuwepo, ila nilihisi kitu kikikwanyuka. Alipofuta kwa pamba, ulitoka utando mweupe, mlaini, wenye michirizi ya damu.

"Kope kwa ndani imechubuka, na jicho nalo limechubuka," alisema. "Vidonda viwili vikikaa vimegusana, vinaungana."

Mama akamuuliza, "Lakini daktari, dawa si imeshaachwa?"

"Imeachwa, mama. Ila jicho linaweza kuendelea kuharibika hata ngozi ikishapona."

Mama alinyamaza. Sentensi ile ilimwingia kuliko mimi, kwani mimi nilikuwa bado na mgongo wangu.

Daktari hakutaka kusubiri. Alisema uso wa macho yote mawili ufunikwe kwa utando wa mfuko unaomzunguka mtoto tumboni, ule unaotoka na kondo la nyuma, uliotolewa na mama aliyejifungua kwa upasuaji na kupimwa magonjwa. Unatuliza uvimbe na kupunguza makovu, na kazi hiyo hufaa zaidi ikifanywa siku za mwanzo. Hapo Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tulazwe: "Makubwa! Mtu mzima anarudishwa tumboni kuanzia machoni!"

Ngozi ilipona, ikaacha mabaka tu. Macho ndiyo niliyobaki nayo kama kazi ya kila siku. Machozi ni haba, kwa hiyo natembea na kichupa cha machozi ya bandia. Nywele nyingine za kope huota kuelekea ndani na kukwaruza konea, ule uwazi wa mbele wa jicho, nami nakwenda kung'olewa. Miwani myeusi wengi huidhania maringo, na sina nguvu ya kumweleza kila mmoja.

Kadi yangu imeandikwa kabamazepini kwa wino mwekundu, na chini yake fenitoini na fenobabitali, dawa nyingine za kifafa, kwa kuwa zinafanana nayo kiasi cha kuweza kuniletea yaleyale. Naitoa kabla mtu hajaniuliza naumwa nini.