Madaftari ya parokia ya shamba Uingereza: yanavyosomeka na yanavyopotosha

Kanisa la kijiji kidogo cha Uingereza linaweza kuwa la karne ya 12, lakini majina ya wakulima wake huanza kuonekana kwa mfululizo baada ya 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, alipoagiza kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mengi ya madaftari hayo ya mwanzo yalikuwa ya karatasi, yakapotea. Mwaka 1598 iliamriwa yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, Elizabeth wa Kwanza aliposhika ufalme. Kwa hiyo ukikuta mwandiko uleule nadhifu tangu 1558 hadi mwisho wa karne, unasoma nakala, na mnakili huruka majina.

Tarehe ndizo huwapoteza wengi. Hadi 1751 mwaka ulianza 25 Machi. Ndoa ya Mei 1720 na ubatizo wa Februari 1720 huonekana kama mtoto alitangulia harusi, kumbe Februari hiyo kwetu ni ya 1721. Iandike 1720/21, usije ukawazulia wazazi kashfa. Kumbuka pia kwamba kinachoandikwa ni ubatizo. Mtoto huenda alizaliwa miaka kadhaa nyuma.

Pengo la miaka ya 1640 na 1650 ni la vita na mapinduzi. Mapengo mengine huzibwa na nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Hili aghalabu halizibiki, kwa kuwa uaskofu wenyewe ulifutwa 1646 na kurudi baada ya 1660.

Utajiri halisi, kwa maoni yangu, umo katika hesabu za wasimamizi wa maskini. Sheria ya 1601 iliitoza kila parokia kodi ya kuwatunza maskini wake, na humo utaona viatu, kuni, hata jeneza la mjane. Kila shilingi ilikuwa ugomvi. Sheria ya 1662 iliruhusu mgeni aliyepanga mahali pa chini ya pauni 10 kwa mwaka arudishwe kwao, mradi alalamikiwe ndani ya siku 40 tangu afike. Baadaye kijana asiye na ndoa aliyetumikia mwaka mzima alipata haki ya makazi, yaani ya kutunzwa na parokia hiyo akiwa maskini. Wenye mashamba wakaanza kuajiri kwa wiki 51. Basi ukiona mtumishi akiondoka wiki moja kabla ya mwaka kutimia, usidhani amefukuzwa kwa kosa; tazama kwanza hesabu za parokia.