Pole Kumi na Moja

Kumi na moja. Tangu Alhamisi najaribu kulala na hesabu hiyo na hailaliki, basi acha niiandike.

Mnajua kikao changu cha usimamizi kinavyokwenda, nilishaeleza hapa nilipoanza atachimenti, yaani mazoezi yangu ya ushauri nasaha hapa Nakuru. Alhamisi saa nane, chumba cha nyuma, Madam anayenisimamia na daftari lake la miraba, mimi na simu yenye sauti ya kikao changu na mteja. Mteja akiwa ameridhia kurekodiwa, tunasikiliza pamoja, kisha sauti inafutwa sote wawili tukiona. Safari hii ilikuwa sauti ya mama mmoja wa makamo. Mtaa wake sitautaja, na hata neno nitakaloandika hapa chini silo alilolitamka. Nimeweka jingine mahali pake ili lake libaki lake.

Kwa dakika hamsini Madam hakusema kitu. Jirani yetu ni fundi wa kuchomelea mageti, na kwenye rekodi pia alikuwapo, kwa hiyo tulikuwa tunasikia nyundo ya leo na ya Jumanne kwa pamoja. Kalamu ya Madam ilikuwa inagusa karatasi mara moja moja, nami nikadhani anaandika maelezo. Sauti ilipokwisha akanigeuzia daftari. Pembeni mwa ukurasa kulikuwa na vijistari: vinne vimesimama na cha tano kimevikata kiunoni, mafungu mawili ya namna hiyo, halafu kimoja peke yake.

"Unajua hivi ni nini?"

"Hapana, Madam."

"Ni pole zako."

Nikatabasamu, nikidhani nasifiwa.

"Mwanangu," akasema, "kila huyu mama alipokaribia kusema, ulimpa pole akanyamaza."

Akarudisha sauti nyuma hadi ya saba. Naikumbuka kama shairi la darasa la nne. Mama anasema: "Tangu siku ile lile sanduku lilipo..." Pumzi. Sauti yangu inaingia: "Pole sana, mama." Naye: "Asante. Nimeshapoa." Kisha anauliza kama nimeona makaa yalivyopanda bei. Na mimi nikajibu! Tukaongea makaa, tukaongea gesi, tukaongea unga, na sanduku halikutajwa tena.

"Ile pole ya saba," Madam akauliza, "ilikuwa yake au yako?"

Sikumjibu. Ndiyo namjibu sasa, nikikoroga ugali, nikiwa kwenye matatu, nikipiga mswaki.

Kulikuwa na sifa pia, naiandika ili nimtendee haki. Kwenye ile fomu ya PHQ-9 ya kupima dalili za sonona, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, la tisa huuliza kama mtu amewaza afadhali afe au ajidhuru. Wengi wetu tunaojifunza tukifika hapo sauti hushuka, au tunalisoma mbiombio kama tangazo la redio. Madam alisema nililiuliza wazi na kwa upole, nikasubiri jibu. Si jambo dogo katika nchi hii. Hadi Mahakama Kuu ya Kenya ilipotangaza Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba, aliyejaribu kujiua akapona angeweza kufungwa hadi miaka 2. Watu walijifunza kulijibu swali hilo kwa "hapana" kabla halijaisha, na bado wanalijibu hivyo. Lakini sifa ile niliisikia kwa sikio moja. Sikio la pili lilibaki kwenye sanduku.

Wiki hii Shosho ametolewa mtoto wa jicho na ameanza kuona, kaka amemaliza mazungumzo ya mahari kule Njoro, na chuo kimeipitisha mada ya tasnifu yangu. Yote nimeyapitia nikihesabu pole.

Alhamisi usiku nilikuwa na hasira, nakiri. Nani katika nchi hii husikia msiba akakosa kusema pole? Aliyejikwaa tunampa pole. Aliyetoka safari, aliyebeba mzigo, aliyeinama shambani, wote pole na kazi, pole na safari. Mtoto wa miaka mitatu anaijua. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1957 aliandika masharti sita ya mtu kubadilika katika ushauri, na la mwisho linataka mteja aipate, japo kidogo, ile huruma ya mshauri na kule kukubaliwa naye. Sasa mama wa Nakuru ataipataje nikimkodolea macho kama sanamu? Nilimwambia Baba Kadogo yote hayo jikoni, naye akasikiliza mpaka chai ikapoa.

Hapo ndipo neno liliponinasa. Kupoa. Pole ina jibu lake, na jibu lake ni asante. Mtu mwenye adabu hawezi kuiacha ikining'inia. Na wengi huongeza kama alivyoongeza yule mama: nimeshapoa. Ukishasema umepoa mbele ya mtu, utaanzia wapi kumwambia kwamba bado unaungua? Nilimpa neno zuri, neno la nyumbani, na kumbe nilikuwa namwomba amalize ili mimi nipumzike. Lile sanduku niliona linakuja, nikaliogopa. Pole ya saba ilikuwa yangu.

Ijumaa nikajaribu kunyamaza. Alikuja kijana wa bodaboda, akasema la kwake, nami nikafunga mdomo nikahesabu moyoni. Sikufika kumi. Akavua kofia, akaniuliza: "Madam, nimesema vibaya?" Nilitamani ardhi inimeze. Kimya cha mtu aliyekaa nyuma ya meza tumekijua tangu utotoni. Ni cha mwalimu mkuu mwenye kiboko, cha chifu, cha askari anayefungua kitabu cha matukio. Kijana alikuwa na haki kabisa ya kuogopa.

Nikampigia Madam jioni kumweleza. Akanijibu polepole: "Hukunyamaza, mwanangu. Ulizuia pole. Na kuzuia kunaonekana usoni."

Wenzetu wa Marekani, kwenye programu zenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua mafunzo ya ushauri, mazoezi ya awali ni saa 100, na 40 kati yake ni za kuhudumia wateja moja kwa moja. Zikiisha wanaanza nyingine 600. Zamani nilidhani saa nyingi namna hiyo ni urasimu tu, watu kujazana makaratasi. Sasa naona hata hazitoshi kumfundisha mtu kutulia uso.

Usiku wa Ijumaa nilimkumbuka jirani yetu wa Elburgon, kwenye matanga ya Baba. Wale wa zamani hapa mnajua nilivyokuwa siku zile. Watu walikuja na pole zao, na ninawashukuru, ila sikumbuki hata moja. Yeye alikuja jioni, akachukua kisu, akaketi kando yangu kwenye gunia tupu, akaanza kumenya viazi. Alikuwa anamenya ganda moja refu lisilokatika, likining'inia mpaka chini kama utepe, halafu anachukua kingine. Hakuniangalia. Hakuniuliza. Debe la pili lilipofika nusu, mimi mwenyewe nikaanza kusimulia ile usiku ya hospitali, yote, hata yale ambayo sijamwambia Mama. Aliendelea kumenya. Mara moja tu kisu kilisimama, nilipotaja saa.

Kwa hiyo kimya tunacho. Kipo kwetu, hakikuja na vitabu. Nilikuwa nimekisahau kwa sababu hakina meza.

Na Jumamosi, jamani! Nilipitia kituoni kuchukua mwavuli, mlinzi akaniita getini. "Mwalimu, kuna mama alipita asubuhi. Amesema Jumanne atakuja mapema. Amesema hakumaliza." Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile: hakumaliza. Mlinzi hajui hakumaliza nini, na mimi sijui, ila ninamjua aliyesema, na ninaijua sentensi iliyokatika. Siku tano ameibeba bila kuiacha. Nilitoka pale nikasahau kupanda matatu, nikashtukia niko mtaa wa Shabab kwa miguu na mwavuli umefungwa huku kunanyesha.

Jumanne nitatoa meza. Viti viwili, vimeegemea upande wa dirisha, ili tuwe na pa kutazama sote. Karanga bichi nimenunua nusu kilo, kama ataona vyema tuchambue, na kama hataki ziwe zangu. Madam amesema nijaribu, tutasikiliza pamoja. Pole sitaitupa. Nitamwekea moja ya kumsindikiza mlangoni, akishaaga.

Sasa ni saa nne usiku na ninapaswa kuwa na raha, lakini kuna jambo la mwanangu Kadogo. Jino lake jipya la mbele limetoka lote wiki hii, na lina mstari wa kahawia. Nimelisugua kwa kitambaa, halitoki. Nyote mnaoishi huku mnajua ni nini. Maji mengi ya visima virefu vya Nakuru yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano, na kuchemsha hakuiondoi. Jino huchorwa likiwa bado ndani ya ufizi, kwa hiyo hii ni kazi ya maji aliyokunywa akiwa na mwaka mmoja, miwili, tulipokuwa kwenye ploti ya Lanet, mimi nikimchemshia kila siku nikijua namlinda. Na mengine ya nyuma bado yanajijenga. Kesho naulizia bei ya chujio la mkaa wa mifupa, lile linalonasa floraidi. Leo kabla ya kulala amekunywa vikombe viwili, nikimtazama, na sikuwa na maji mengine ya kumpa.