Sauti Imekwenda Wapi?

Binti yangu ana mtihani wa fizikia. Jana usiku alinisogezea daftari lenye mchoro wa transista, kile kifaa cha miguu mitatu (besi, kolekta na emita) cha kukuza mawimbi ya umeme; wimbi linaingilia besi: "Mama, mbona kwenye kolekta wimbi linatoka limepinduka, na kwenye emita linatoka vilevile lilivyoingia?" Nilimweleza, akaenda kulala. Mimi usingizi ulinikataa. Mawazo yalishahamia karakana ya chuo, Arusha, ile Julai ya baridi, tunafanya kazi na makoti mwilini.

Mwalimu alitupa transista moja, BC547, betri ya volti 9 na rezista (vizuizi vya mkondo) mbili zinazolingana, kiloomu 1 kila moja: moja juu ya kolekta, nyingine chini ya emita. Tukapima. Emita volti 2.3, kolekta 6.7. Akaingiza wimbi la sauti kwenye besi, akatuambia tuchukue mawimbi pande zote mbili, kila upande na kapasita yake, ili volti tulivu za betri zizuiwe na wimbi lipite peke yake.

Osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi kwenye kioo, ikaonyesha mistari miwili ya kijani. Huu ukipanda, ule unashuka, kimo kilekile, kama sahani za mizani ya sokoni. Mkondo ni mmoja, ndiyo sababu. Besi ikiinuka, mkondo unaongezeka kwenye rezista zote mbili: ya chini inaipandisha emita, ya juu inakula volti zaidi na kolekta inashuka.

Kisha mwalimu akachukua rezista mbili za kiloomu 100. Mguu wa moja akauunga kwenye njia ya kolekta, wa nyingine kwenye njia ya emita, na miguu iliyobaki akaisokota pamoja, mawimbi mawili yajumlike. Hapo kwenye msokoto akagusisha ncha ya osiloskopu, na waya wa amplifaya ya spika.

Mstari ukanyooka. Ile sauti nyembamba ya hezi 1000, iliyotutoboa masikio asubuhi nzima, ikakatika.

Mwenzangu wa meza, dada wa Usa River, akainamia spika. "Mwalimu, sauti imekwenda wapi?"

Mwalimu akainua mguu wa rezista moja kwa kibano. Spika ikalia. Akaurudisha, kimya. Akainua wa pili, ikalia tena.

"Haijaenda popote, mwanangu. Zote mbili zipo."

Dada yule hakuridhika. Akafumba macho, akaomba asikilizishwe moja moja: kolekta, emita, kolekta. Hakuweza kuzitofautisha. Nami nikajaribu, nikashindwa vilevile.

Ripoti ilitaka mchoro wa mistari miwili, tukachora. Lakini mpaka kengele ya chakula dada yule alikuwa bado anambana mwalimu: wimbi likiwa peke yake, bila la kulilinganisha nalo, limepinduka kweli? Mimi niliegemea upande wa dada, na bado niko huko, ingawa naujua vizuri ule mstari ulionyooka.